Barua kwa Mzazi wa Kissa

Ghorofa ya tatu ya jengo la nguo za jumla, Barabara ya Zhanqian mjini Guangzhou, wanawake watatu walikuwa wakibembeleza wauziwe magauni matatu. Hilo tu. Lakini mwenye duka la jumla hauzi matatu. Anauza pakiti: kumi na mbili, rangi moja, saizi zimepangwa tangu ndogo hadi kubwa. Unataka, chukua, hutaki, pisha wenzio wapite na mabelo yao.

"Mei you," alisema yule mama wa Kichina bila kuinua macho kwenye bakuli lake la tambi. Hakuna.

"Laoban, bosi wangu mzuri, tatu tu," Felisia alisihi, gauni amelikumbatia kifuani. "Sisi si wafanyabiashara. Sisi ni waimbaji."

"Mei you."

Na gauni lenyewe, jamani, lilikuwa gauni. Satini ya zambarau iliyokolea, bega moja wazi, kiuno kimebanwa, chini limemwagika mpaka sakafuni. Nahla, mtoto wa Unguja aliyejua nguo kuliko fundi aliyeishona, alikuwa ameshaamua kilemba chake kitakuwa cha rangi gani. Kissa, mdogo wao kwa umri na mrefu wao kwa kimo, alisimama kando akijiandaa kukata tamaa. Kazi hiyo aliiweza.

"Samahani akina dada. Mnataka tatu?"

Sauti ilitoka nyuma ya lundo la suruali za jinzi, Kiswahili cha Kilimanjaro kabisa, kisha akatokea mwenyewe: kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe lililopigwa pasi, peni sikioni, jasho kwenye paji la uso.

"Mimi nachukua pakiti nzima," alisema. "Tatu zenu, tisa zinakwenda dukani kwetu Moshi."

"Na hao wa Moshi watavaa sawa na sisi?" Kissa aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza. Kwa kawaida alikuwa hasemi na watu asiowajua.

"Wao watavaa kanisani. Ninyi mtavaa wapi?"

"Jukwaani."

"Basi hamtakutana." Akacheka, na shavu lake la kushoto likabonyea. "Naitwa Heriel. Malipo yangu ni kuambiwa jukwaa liko wapi."

Felisia alimtajia hoteli haraka haraka kabla hajaghairi. Kissa yeye alikuwa anatazama lile shavu.

Kundi lao liliitwa Msuko, kwa sababu lilizaliwa saluni. Watatu hao walikutana Xiaobei, mtaa wa Waafrika, wakisukwa kwa msusi mmoja mwenye mikono mizito, na kwa kuwa kusukwa ni saa tano, Felisia alianza kuimba ili asilie. Kissa, aliyekulia kwaya ya kanisa kule Tukuyu, akaweka sauti ya kati bila kuombwa. Nahla, ambaye nyumbani aliimba kwenye harusi za watu huku mama yake akidhani amekwenda kula tu, akaongeza ya tatu. Msusi aliacha kusuka. Wateja waliacha kuongea. Miezi sita baadaye walikuwa wakiimba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi unaoanzia tumboni, kwenye ukumbi wa hoteli ambako Wachina wenye nafasi huja kunywa chai ya alasiri.

Felisia ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza na mzazi wa wote. Alikuwa na miaka arobaini na moja, watoto wawili shule ya bweni Bukoba, na biashara ya mikoba ya ngozi kutoka viwanda vya Shiling iliyomfia mikononi. Bosi wa ukumbi, Bwana Lin, aliwapa mkataba wa miaka mitatu wenye sharti moja la kueleweka: watatu au hakuna. Viza zao zote zilining'inia kwenye sharti hilo. Mmoja akiondoka, wawili nao wafungashe.

Heriel alikuja Jumamosi ile ile, na Jumamosi zote zilizofuata. Alifanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na alikaa karibu na nguzo, mfuko wa sampuli za viatu miguuni, chai yake ikipoa.

"Mbona wewe husikiki peke yako?" alimuuliza Kissa siku ya kwanza aliyomsindikiza kituo cha treni.

"Sauti ya kati haisikiki mpaka ikosekane. Ndiyo kazi yake."

"Mimi naisikia."

"Mwongo."

"Haki ya Mungu naisikia. Wale wenzio nawasikia kwa sababu wewe upo."

Maneno ya namna hiyo mwanamke hayasahau, na Kissa hakuyasahau. Simu zikaanza. Ilikuwa simu asubuhi yeye akichemsha maji, simu mchana Heriel akiwa juu ya kontena, kelele za forklifti zikimkatiza.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula tambi. Nimezichoka tambi, Kissa. Nataka ndizi."

"Mchaga wewe! Hivi unapenda nini zaidi, mimi au ndizi?"

"Ndizi hainijibu jeuri."

"Basi kaioe ndizi."

"Mnyakyusa na Mchaga, huko si kuoa ndizi kwa ndizi?" Akasita kidogo. Mtu akisita baada ya neno kuoa, jua moyo wake umetangulia. "Hivi, Kissa, mtu akiwa na jambo na wewe hapa mjini, wa kwenu wako mbali Tukuyu, anamwona nani?"

"Mzazi wangu hapa ni Dada Felisia," alijibu akicheka. "Mwenye shida na mimi apitie kwake."

Alisema kwa utani. Heriel hakulipokea neno hilo kwa utani.

Mwezi wa saba, joto likiwa limelalia jiji zima, simu zilipungua. Ilikuwa moja kwa siku, kisha moja kwa siku mbili, za adabu, kama za mtu anayemsalimu mwalimu wake. Hakuja ukumbini. Kissa alimwuliza Felisia wakiwa wanapaka poda.

"Mwanangu, wanaume wa mizigo ndivyo walivyo," Felisia alisema, akimfunga zipu mgongoni. "Kontena likishafungwa, haoo, wameshaenda."

Wiki mbili hivi. Kisha ukaja ujumbe: *Narudi Moshi kusimamia duka. Nakutakia kila la heri na wenzako.* Kissa aliusoma akiwa ameketi kwenye ngazi za dharura za hoteli na gauni lake la zambarau. Aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika lingine la matusi, akalifuta. Mwishowe akatuma: *Na wewe pia.* Alikuwa na kiburi cha kwao, na kiburi hakimfuti mtu machozi. Alilia mpaka Nahla akaja kumwita, kisha akapaka poda upya, akaimba nyimbo tisa.

Mwaka na miezi minne vikapita, na Msuko ikapanda. Waliitwa Foshan, wakaitwa Shenzhen kufungua majumba ya maduka, wakarekodi wimbo wao wenyewe, Wachina wakauimba kwenye simu zao bila kuelewa neno. Watu wakaanza kuwasimamisha barabarani kupiga nao picha. Kissa aliimba mapenzi siku sita kwa wiki, na kila siku yalimuuma mahali pale pale. Wapo waliomtaka. Hakumtaka hata mmoja wao. Alikuwa bado anampenda mtu aliyemwacha bila kumwambia kosa lake, na hilo ndilo lililomla: si kuachwa, bali kutojua.

Asubuhi moja ya Novemba alikwenda Barabara ya Yide kutafuta maua ya plastiki ya kubandika nywele. Duka lilijaa mapambo, maputo, riboni, na mbele ya kaunta alisimama mwanamume mwenye shati jeupe, ameshika mafungu mawili ya waridi bandia, anayalinganisha rangi.

Hakuhitaji kugeuka. Mgongo huo angeutambua hata gizani.

"Heriel."

Aligeuka. Waridi likamponyoka.

"Kissa." Aliinama kuliokota. "Umependeza."

"Hayo ni ya nini?"

Alitazama maua kana kwamba hajui yameingiaje mkononi mwake. Aliyejibu alikuwa mtu wa makamo aliyesimama nyuma yake na katoni begani, Rodrick, wakala wa mizigo ambaye Watanzania wote wa Xiaobei humwita mzee ingawa hajafika sitini. "Ya harusi," alisema taratibu. "Kijana anaoa wiki tatu zijazo. Alikuja kununua mzigo wa duka, leo jioni anaruka kurudi."

"Hongera," alisema Kissa.

"Asante," alisema Heriel. "Sikutegemea uniambie hongera. Ila wewe ndiye uliyekataa, kwa hiyo huna sababu ya kinyongo."

"Mimi nilikataa nini?"

"Kissa, tusifanye hivyo hapa dukani."

"Nimekataa nini, Heriel?"

"Posa yangu."

Mwenye duka aliuliza kama wananunua au hawanunui.

"Posa gani?" Sauti ilimtoka Kissa ndogo sana.

Rodrick alishusha katoni chini. "Binti, mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Niliipeleka barua kwa mkono wangu kwa Dada Felisia, nimevaa koti kwenye joto lile la Julai. Akanipa soda, akaniambia tusubiri. Wiki mbili. Halafu akanirudishia bahasha, akasema binti hayuko tayari."

"Hakuna mtu aliyeniuliza," alisema Kissa. "Hakuna."

Wakatazamana watatu. Waliketi kwenye kiduka cha chai kilichokuwa karibu, au tuseme wawili waliketi, maana Rodrick alikuwa ameshatoka. Barua ya posa haichanwi wala haitupwi, alisema. Ipo ofisini kwake ndani ya faili, nusu saa tu ataileta.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" Kissa aliuliza. "Namba yangu ulikuwa nayo! Mdomo ulikuwa nao!"

"Nimelelewa hivyo. Barua ikishaingia kwa wazazi, kijana anakaa mbali mpaka ajibiwe. Nilikuwa nakupigia kidogo ili nisionekane nakurubuni huku wazee wanajadili." Alifunika uso kwa viganja. "Na nyumba ikirudisha barua, huendi kumshika binti mkono umuulize kwa nini. Ni kumdhalilisha. Ni kujidhalilisha."

"Mimi nilifikiri umenichoka."

"Nikuchoke wewe?" Aliondoa viganja, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe mbona hukuuliza? Nilikutumia ujumbe naondoka, ukanijibu maneno matatu."

Wawili hao waliogopa aibu kuliko walivyoogopa kupotezana, na mimi siwezi kuwatetea. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alikuwa ameketi mezani pao.

"Mahari imeshapokelewa?" Kissa aliuliza.

"Imepokelewa."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema. Nimemzoea. Anacheka sana." Alimshika mkono juu ya meza. "Kissa wangu, sema neno moja. Moja tu. Natua Kilimanjaro, naenda kwa wazee, navunja. Nitachekwa, nitalaaniwa, sijali."

Mungu anajua jinsi alivyolitaka neno hilo. Lilifika kooni. Aliliona gauni la harusi, akamwona mama yake Tukuyu akipiga vigelegele. Kisha akamwona yule mwingine, anayecheka sana, ameketi na simu yake mkononi, anasoma sentensi mbili za kuachwa, hajui kosa lake.

"Yule amekosa nini?" aliuliza.

"Hajakosa."

"Basi asifanyiwe nilivyofanyiwa mimi." Akautoa mkono wake taratibu. "Kaoe, Heriel."

Akalia hapo hapo, wateja wanatazama. Heriel naye akalia. Rodrick alipoingia aliwakuta hivyo, akaiweka bahasha mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kaki, imeandikwa kwa mkono uliotulia: *Kwa Mzazi wa Kissa, Dada Felisia.* Kissa aliigeuza. Gundi ilikuwa mahali pake. Haikuwa imefunguliwa.

"Hakuisoma?" Heriel alinong'ona.

"Mimi nilidhani ameifunga tena," alisema Rodrick, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee kweli. "Sikuigeuza. Nani huigeuza barua iliyorudi?"

"Kissa, mle ndani niliandika..."

"Usiniambie," alisema. "Haikuandikwa kwangu."

Chumba cha kuvalia cha hoteli kilinuka poda na pasi ya moto. Felisia alikuwa ameshavaa, gauni jipya la rangi ya dhahabu, hereni kubwa. Nahla alikuwa anafunga kilemba. Kissa aliiweka bahasha kwenye meza ya kioo, kati ya vipodozi.

Felisia aliiona, akakaa kitini.

"Mwanangu..."

"Kwa nini?"

"Mkataba ulisema watatu." Hakujaribu hata kukana. "Viza ya Nahla. Ada za wanangu. Wewe ungeolewa, ungekwenda Moshi, na msuko hausukwi kwa nyuzi mbili. Hizo ndizo sababu nilizojiambia."

"Na ya kweli?"

Felisia alijitazama kwenye kioo. "Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kukaa kimya kunisikiliza. Si baba, si mume, si mtu. Hapa watu wanaacha chai ipoe. Niliogopa kurudi kule ambako hakuna anayenisikia."

"Da Felisia, na kuisoma hukuisoma?" Nahla aliuliza. Alikuwa ameacha kilemba kikaning'inia.

"Ningeisoma ningelazimika kumuuliza. Ndivyo ilivyo. Nikasema nisipoisoma, itakuwa kama haikuja."

"Basi ifungue," alisema Kissa. "Ina jina lako. Isome, kwa sauti, Nahla na mimi tusikie."

Felisia aliipasua bahasha hata karatasi ikachanika pembeni. Aliyekuwa na sauti ya kwanza ya Msuko, sauti iliyojaza majumba ya Shenzhen, alisoma kama mtoto wa darasa la pili.

"*Dada Felisia, shikamoo. Mimi Heriel, kwa heshima, naomba kumchumbia binti yenu Kissa. Najua ninyi ni watatu, na mkataba wenu ni wa watatu. Sina nia ya...*" Aliinua macho kumtazama Kissa.

"Endelea."

"*Sina nia ya kumtoa kwenye kundi. Nimeomba kwa mwajiri wangu niongezewe miaka mitatu hapa Guangzhou, naye amekubali. Nitasubiri mpaka mkataba wenu uishe, na mkiuongeza tutakaa tuzungumze upya. Nimemsikia akiimba na ninyi. Mwenye akili hawezi kuwatenganisha. Ninachoomba ni ruhusa ya kumsubiri nikiwa mchumba wake, na si mtu wa kando.*"

Karatasi ilishuka mapajani. Nahla alijifunika mdomo. Felisia alitoa sauti ambayo haikuwa ya wimbo wowote, akateleza kutoka kwenye kiti, akapiga magoti na gauni lake la dhahabu, akishika miguu ya Kissa.

"Nisamehe. Nisamehe mwanangu. Nisamehe."

Kissa alisimama tu. Alitamani awe na hasira, hasira ingemsaidia kusimama, lakini alichokuwa nacho ni huzuni, huzuni tupu mpaka kwenye kucha. Hakuna aliyekuwa anapaswa kupoteza chochote. Heriel alikuwa amepanga nafasi ya kila mtu kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ilikaa mwaka na zaidi ndani ya faili la mizigo.

"Mkataba umebaki miezi minne," alisema mwishowe. "Nitaimba yote, kwa ajili ya Nahla. Lakini mimi sina mzazi hapa mjini, Felisia. Usiniite tena mwanangu. Niite Kissa."

Bwana Lin alibisha mlango. Dakika tano.

Waliimba nyimbo tisa alasiri hiyo na hawakukosea hata mahali pamoja. Wageni waliacha chai ikapoa. Mama mmoja wa Kichina, aliyekaa meza ya mbele na mjukuu wake, alifuta machozi kwa kitambaa cha meza, na walipomaliza alisimama kupiga makofi peke yake mpaka ukumbi mzima ukamfuata.

Simu iliita Kissa akiwa bado anavua hereni. Alikuwa Rodrick, na nyuma yake matangazo ya uwanja wa ndege.

"Binti, samahani. Kijana yuko kwenye mizani, amesimama na mizigo yake, hasogei. Watu wa nyuma wanagomba. Ananiambia eti hawezi kuondoka na barua ambayo haikujibiwa." Alikohoa. "Na mimi ni mshenga. Sijawahi kurudi bila jibu la mwenye binti. Niseme nini?"

Kissa alikaa. Nahla alikuja akamshika bega. Felisia, kule kwenye kona, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzee Rodrick, barua imesomwa leo."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie binti ameulizwa leo kwa mara ya kwanza, na amesema ndiyo."

Alimsikia mzee akivuta pumzi kupitia puani.

"Halafu msaidie kupandisha mizigo, awahi harusi yake," alisema Kissa. "Yale maua yawekwe juu, yasije yakapondeka."